Umri wa Nyumba ya Chaza

Aghalabu sisi wanadamu hupenda kukisifu kitu kwa umri wake. Mtu akitaka kuitukuza shule aliyosoma, kwanza hutaja mwaka ilipofunguliwa. Akitaka kuusifu ukoo wake, huhesabu vizazi. Akitaka kukuuzia dawa, hukuambia kwamba babu zake waliitumia. Wewe msomaji, uliye kijana na usiye na umri wa kujivunia, umekwisha yasikia maneno haya mara nyingi, na bila shaka umejiuliza moyoni bila ya kuthubutu kusema: Je, kudumu ni sifa? Kitu kikiishi miaka mingi, twapaswa kukiheshimu kwa sababu hiyo tu? Jiwe la mtoni lina umri mkubwa kuliko mwalimu wako, wala hapana mtu aliamkiaye shikamoo.

Swali hili ni zito, na kulijibu kwa maneno matupu ni kutembea juu ya utelezi. Afadhali tushike kitu kimoja, tukigeuze mkononi, tukitazame pande zote. Nimechagua kitu ambacho pengine hukukitarajia katika kitabu cha insha, nacho ni mkahawa wa chaza ulioko katika mji wa Boston, nchi ya Marekani, katika njia iitwayo Union Street. Jina lake ni Union Oyster House, yaani nyumba ya chaza ya Union. Ilifunguliwa mwaka 1826, na huhesabiwa kuwa ndiyo nyumba ya kale kuliko zote miongoni mwa zile zilizodumu katika kazi ya kuwauzia watu chakula katika nchi ile. Mwaka 2003 serikali ya Marekani iliitia katika daftari la majengo ya kihistoria ya taifa.

Kama wewe ni mtu wa pwani, chaza huna haja ya kuelezwa. Umemwona ameng'ang'ania mwambani na katika mizizi ya mikoko, na pengine amekukata unyayo. Kama umezaliwa bara, mfikirie mnyama wa baharini asiye na kichwa wala miguu, mwenye mwili laini kama ute wa yai, aliyejifungia kati ya magamba mawili magumu kama jiwe. Watu wa Boston humla mbichi, tena angali hai, pamoja na maji yake ya chumvi, pengine kwa tone la ndimu. Mimi nakiri kwamba ushujaa huo sinao. Lakini insha hii si ya upishi.

Nyumba yenyewe ni ya matofali, wala si kubwa. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 18, wakati Boston ilipokuwa bado mji wa koloni la Waingereza, kwa hiyo umri wake wapita umri wa taifa la Marekani. Kabla ya chaza kuingia, hariri na nguo za ng'ambo ziliuzwa humo. Kuanzia mwaka 1771 mpiga chapa mmoja, jina lake Isaiah Thomas, alichapa humo orofani gazeti lake lililoitwa Massachusetts Spy, akiwashambulia watawala kwa ukali mwingi, hata katika Aprili ya mwaka 1775, vita vya uhuru vilipokaribia kulipuka, akalazimika kuitorosha mitambo yake usiku mpaka mji wa Worcester. Wenye nyumba husimulia pia kwamba mwishoni mwa karne ile Louis-Philippe, mtu wa ukoo wa kifalme aliyeyakimbia mapinduzi ya Ufaransa, alifundisha Kifaransa katika orofa ile ili apate riziki. Mtu huyu alikuja kuwa mfalme wa Wafaransa mwaka 1830, akapinduliwa mwaka 1848. Mwalimu wa lugha asomaye habari hii asikate tamaa, wala asitamani kupita kiasi.

Sasa na tuulize. Tusemapo kwamba nyumba hii imedumu, ni kitu gani hasa kilichodumu?

Kuta zimedumu, hilo ni kweli. Lakini kuta zilikuwako kabla ya mkahawa, na kama kuta ndizo zingekuwa jambo lenyewe, tungeliita duka la hariri. Wenyewe hawakudumu. Jamaa ya Atwood ndio walioianzisha. Mwaka 1913 ikaingia mikononi mwa ndugu wa jamaa ya Greaves. Mwaka 1970 ikanunuliwa na jamaa ya Milano. Hata jina halikudumu, kwani kwa muda wa karibu miaka 90 nyumba iliitwa kwa jina la Atwood, na hili la Union ni la karne ya 20. Pombe nayo haikudumu. Tangu mwaka 1920 hata 1933 sheria ya Marekani ilipiga marufuku vileo katika nchi nzima, na nyumba nyingi zilizoishi kwa kinywaji zilikufa kwa kiu. Hii ya Union Street haikufa.

Basi, labda utaniambia kwamba kilichodumu ni chaza. Hebu tumtazame chaza. Watu wa Boston tangu zamani waliwasifu chaza wa Wellfleet, kijiji kilicho katika rasi ya Cape Cod, si mbali na mji wao. Lakini chaza wa asili wa Wellfleet walikwisha kufa katika miaka ya 1770, nusu karne kabla ya Atwood kufungua mlango. Wavuvi wa kijiji kile walikwenda na merikebu zao hata ghuba ya Chesapeake, katika nchi za Virginia na Maryland, wakapakia chaza wa huko, wakaja kuwamwaga katika maji ya kwao wanywe chumvi ya Wellfleet, kisha wakawauza Boston. Hivyo mlaji aliyesifu utamu wa bahari ya kwao alikuwa akila mgeni aliyepewa uraia. Baadaye Chesapeake nayo ilifilisika. Chaza walivuliwa bila ya kiasi, na katika karne ya 20 maradhi yakawamaliza waliosalia, hata ikasemwa kwamba wamebaki kama mmoja katika kila mia wa zamani. Chaza wengi waliwao siku hizi hupandwa na wakulima wa baharini, kama sisi tupandavyo viazi. Meza ya nusu duara ya mti wa mahogani, ambapo chaza hufunguliwa mbele ya walaji, yasemwa ni ile ile ya kale. Lakini mtu hali meza.

Wayunani wa kale walikuwa na fumbo la merikebu ya Theseus, ambalo Plutarch ametuandikia. Merikebu ile ilihifadhiwa miaka mingi. Kila ubao ulipooza uling'olewa, mwingine ukatiwa mahali pake, mpaka wenye hekima wakaanza kubishana kama ni merikebu ile ile au nyingine. Nenda Lamu kwa waundaji wa majahazi uwaulize swali hilo, nadhani watakucheka. Kwao jahazi ni lile lile maadamu laelea, na nahodha alijua. Mimi naona kicheko hicho kina falsafa ndani yake. Chombo hakidumu kwa mbao zake, bali kwa kazi ambayo kila mrithi ameipokea kwa aliyemtangulia na kuifanya kama ipasavyo kufanywa.

Na kazi ya nyumba ya chaza ni ipi? Msomaji, tafadhali nifuate polepole hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Chaza ni chakula kilichofungwa. Mnunuzi wa samaki aweza kumtazama jicho, akamfunua shavu, akamnusa. Mnunuzi wa maembe aweza kuyabonyeza. Lakini chaza amejifunga, na aliyekufa jana aweza kuwekwa miongoni mwa walio hai ukadhani wote ni sawa. Mfunguaji hushika kisu kifupi kisicho na ncha kali sana, akakitia penye bawaba ya magamba, akakizungusha, gamba likaachia. Kisha akaukata mshipa unaomshika mnyama, bila ya kumwaga maji yake. Katika dakika moja mtu stadi hufungua wengi. Na katika kila mmoja wao huamua neno moja ambalo mlaji hana njia ya kulijua: huyu afaa au hafai? Akikosea kwa uvivu, au akimpitisha aliye mbovu kwa choyo, mlaji ataugua nyumbani kwake usiku, mbali na meza, na huenda asijue kamwe aliyemdhuru.

Usidhani nakuza jambo dogo. Chaza hula kwa kuchuja maji. Mmoja aliyekomaa, hali ya maji ikiwa njema, aweza kuchuja lita 190 kwa siku. Kwa ajili hiyo husafisha bahari, na kwa ajili hiyo hiyo hukusanya ndani yake uchafu wa bahari iliyochafuliwa na watu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1924 kuingia 1925, homa ya matumbo ilizuka katika miji ya Chicago, New York na Washington. Watu wapatao 1,500 waliugua, na wapatao 150 wakafa, na walipochunguza wakaona sababu ni chaza waliolelewa katika maji yenye uchafu wa vyoo. Biashara ya chaza ilianguka kwa kishindo katika nchi nzima. Tangu mwaka 1925 kukawekwa utaratibu wa kuyapima maji na kuwapa wauzaji vyeti, na mpaka sasa kila gunia la chaza huja na kipande cha karatasi kielezacho limetoka maji gani na kuvunwa siku gani, na mwenye mkahawa hulazimika kukiweka siku 90.

Hebu fikiri maana yake. Uzee wa miaka 98 haukuwa ngao katika majira yale ya baridi. Mtu aliyeketi mbele ya meza ya mahogani mwaka 1925 hakuweza kuambiwa: Kula, sisi ni wa zamani. Alikuwa na haki ya kujibu kwamba waliokula mwaka 1826 walikula chaza wa 1826, naye amewekewa wa leo. Ndiyo maana nasema, na ndilo jibu langu la kwanza, kwamba umri si mali iwekwayo katika sanduku ikazaa faida. Uaminifu ni kama maji ya kunywa. Ya jana hayaondoi kiu ya leo. Nyumba iliyodumu miaka 200 haikuaminika mara moja kwa miaka 200, bali ilijaribiwa upya kila siku na kila chaza, na tukiiheshimu, tunaheshimu maelfu ya mikono iliyokataa kumpitisha aliye mbovu hali hapana aliyeona.

Hapo ningeweza kuweka kalamu chini, nikafurahi. Lakini kuna jambo linisumbualo, na nisipolisema nitakuwa nimekupitishia chaza mbovu.

Nyumba kongwe hupenda kuhesabu wageni wake wakuu. Nyumba hii husimulia kwamba Daniel Webster, mwanasheria na Seneta wa Massachusetts, mmoja wa wasemaji hodari kuliko wote katika historia ya Marekani, aliketi katika meza ile mara kwa mara, akanywa bilauri ndefu ya brandi na maji kwa kila chaza sita, na ni nadra kula chini ya sahani sita. Piga hesabu mwenyewe. Husimulia pia habari za Charles Forster, mfanyabiashara wa vijiti vya kuchokolea meno. Yasemwa aliwalipa wanafunzi wa Chuo cha Harvard waende kula huko, na wakishiba waviulize vijiti kwa sauti kubwa na kukasirika wakivikosa, ili ionekane kwamba mahali pa heshima pasipo vijiti ni aibu. Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bwana yule alikitembeza chake kwa miguu ya wanafunzi waliofurahia mlo wa bure. Orofani kuna kibanda cha 18, alichokipenda John F. Kennedy kabla ya kuwa Rais, nacho mwaka 1977 kilitengwa kwa ukumbusho wake. Sisi wa Kenya tuna sababu yetu ya kulikumbuka jina hilo, maana mwaka 1960, Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za ndege za wanafunzi wetu waliokwenda Marekani kusoma, wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000.

Lakini nataka turudi kwa Webster na sahani zake. Tarehe 7 Machi 1850 mtu huyu alisimama katika Seneti akaunga mkono maafikiano ambayo ndani yake ilikuwamo sheria ya kuwakamata watumwa watoro. Kwa sheria hiyo, mtu aliyekimbia utumwa wa kusini akafika Boston, mji usio na watumwa, aliweza kushikwa na maofisa wa serikali na kurudishwa kwa aliyejiita mwenye mali. Webster alisema afanya hivyo ili taifa lisivunjike. Mwaka huo huo sheria ilipita, naye akawa Waziri wa Mambo ya Nje.

Katika mkahawa mwingine wa mji ule, Cornhill Coffee House, ambao haukuwa mbali na Union Street, alifanya kazi mtumishi wa meza aliyeitwa Shadrach Minkins. Alikuwa amekimbia kutoka Norfolk, Virginia, mji ulio penye mlango wa ghuba ya Chesapeake. Tarehe 15 Februari 1851 maofisa waliingia, wakaketi, wakajifanya wateja, akawaletea walichoagiza kama alivyowaletea wengine, kisha wakamkamata. Angekwisha rudishwa Norfolk, kama si kundi la watu weusi wa Boston, miongoni mwao Lewis Hayden, aliyewahi kuwa mtumwa yeye mwenyewe, kuingia katika chumba cha mahakama siku ile ile na kumchukua mzobemzobe mpaka nje, wakamficha, wakampeleka Kanada. Webster alikiita kitendo hicho uhaini. Minkins alifika Montreal, na huko naye akafungua mkahawa wake.

Angalia jambo hili, msomaji. Katika miaka ile chaza wa Chesapeake walikuja Boston kwa merikebu, wakapokewa, wakapewa jina la mji mpya, wakawekwa juu ya meza ya heshima. Mtu aliyetoka katika maji yale yale aliwindwa mitaani. Na mikono mingi iliyowavua chaza wale huko kusini ilikuwa mikono ya watu weusi, watumwa na walio huru.

Je, nyumba ya Union Street ilikosa nini? Sijui kwamba ilikosa. Webster alikuja na njaa, akalipa, akapewa chaza wazima. Kama kila mwenye mkahawa angewahoji wageni juu ya siasa zao kabla ya kuwapa sahani, tungekufa njaa wengi, tena wema pamoja na waovu. Mila zetu zasema mgeni alishwe kwanza, aulizwe habari baadaye. Nimelipima neno hili kwa muda mrefu, wala siwezi kumhukumu Atwood kwa kumlisha mtu. Lakini nimeng'amua kwamba umri wa nyumba ile washuhudia jambo moja tu, lile ambalo nyumba iliulizwa kila siku: Chaza wako ni wazima? Ilijibu vema kwa karne mbili. Juu ya mambo mengine, umri wake hausemi kitu. Mtu aweza kuwa mwaminifu kabisa katika kazi ya mkono wake, na swali kubwa la zama zake likapita mlangoni kwake asilisikie.

Alikuwako mtu mmoja aliyelisikia. Thomas Downing alizaliwa mwaka 1791 huko Chincoteague, pwani ya Virginia, mtoto wa wazazi weusi waliokuwa wameachwa huru. Alikwenda New York, na mwaka 1825, mwaka mmoja kabla ya nyumba ya Boston, alifungua nyumba yake ya chaza katika Broad Street, karibu na mahali pa mabenki na wafanyabiashara wakubwa. Aliifanya nyumba ya fahari, yenye mazulia na taa za kuning'inia, na chaza wake walisifiwa kuliko wa wengine, kwa kuwa alitoka usiku mwenyewe kwa mashua kwenda kuwachagua. Matajiri na wanasiasa weupe walijaa mezani kwake, na wengi wao utajiri wao ulitoka katika pamba iliyolimwa na watumwa. Na chini yao, katika vyumba vya ghala, Downing na mwanawe George waliwaficha watumwa watoro waliokuwa safarini kwenda Kanada.

Mtu huyu hakuwakataza matajiri chakula, wala hakuwadanganya katika chaza. Hesabu zake zilikuwa safi juu na chini. Lakini alijua kwamba nyumba moja yaweza kuulizwa maswali mawili, naye aliyajibu yote mawili, kila moja kwa wakati wake, huku akihatarisha kila alichokijenga. Sheria ya haki za raia, iliyowatangaza watu weusi waliozaliwa Marekani kuwa raia, ilipita tarehe 9 Aprili 1866. Downing alifariki siku iliyofuata. Chama cha wafanyabiashara wa New York kilifunga ofisi zake kwa heshima yake.

Nyumba yake haiko tena. Ukienda Broad Street leo utaona majumba marefu ya fedha, wala hutaketi penye meza yake, kwa kuwa hapana meza. Haikudumu hata nusu karne. Basi niambie wewe, uliyenifuata mpaka hapa: kama ungepewa kuchagua, moyo wako ungependa uirithi nyumba ipi, ile iliyosimama karne mbili au ile iliyotoweka? Usijibu upesi kwa kutaka kunifurahisha. Nyumba iliyotoweka haiwezi kumlisha mtu leo. Na iliyosimama si ya kudharauliwa. Kulisha watu kwa uaminifu miaka 200 ni kazi ambayo mataifa mengi hayakuiweza kwa miaka 20. Mimi mwenyewe husimama katikati, siku moja nikiegemea huku, siku nyingine kule. Lakini nimeacha kuuliza kitu kina miaka mingapi kabla ya kuuliza kimejaribiwa kwa swali gani katika miaka hiyo. Hata shule yako, ukisikia imetimiza miaka mia, ingefaa ufanyie hesabu hii: ni watoto gani iliowapokea, na ni nani waliosimama nje ya lango wasiingie.

Kesho asubuhi magunia yatashushwa Union Street, kila moja na kipande chake cha karatasi. Mfunguaji, ambaye jina lake halitaandikwa juu ya kibanda chochote, atasimama nyuma ya meza ya mahogani, kisu mkononi. Akimtilia shaka chaza mmoja, hamfungui kwanza. Huligonga gamba kwa mpini wa kisu, akainamisha kichwa, akasikiliza. Aliye mzima hutoa sauti nzito kama jiwe lililojaa. Mwingine hulia kitupu; huyo humtupa ndooni, hata kama ni mkubwa kuliko wote katika gunia, akamshika anayefuata.